Nadhiri ya Wali wa Nazi

Habari za ajali zilimkuta Mwanaima kibandani kwake Kisarawe, ameketi juu ya mbuzi, kile kiti kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi, akiwaandalia wateja wake chakula cha mchana. Aliyepiga simu alisema kwamba duara limemfunika Mwinshehe. Duara ni jina ambalo wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita wamelipatia shimo lao la dhahabu, na duara hilo lilikuwa limenyeshewa usiku kucha hadi ukuta wake mmoja ukaporomoka. Mwanaima hakupiga yowe. Aliweka kifuu chini, akatamka mbele ya wapishi wenzake, kwa sauti ambayo kila mmoja wao aliisikia, kwamba iwapo mwanawe angetoka hai, yeye mwenyewe angesafiri hadi nyumbani kwa watu waliomwokoa, awapikie wali wa nazi na kuwaandalia kwa mikono yake, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Mwinshehe alitoka hai. Mchimbaji mwenzake aitwaye Januari alijifunga kamba kiunoni wakati wengine wakikimbia, akateremka, akafukua udongo kwa viganja mpaka akaufikia uso wa rafiki yake. Mguu wa Mwinshehe ulikuwa umevunjika. Aliporuhusiwa kutoka hospitali hakuweza kuistahimili safari ndefu ya pwani, kwa hiyo Januari alimpeleka kwa wazazi wake, wakulima wa pamba na mpunga katika kijiji kimoja cha Bukombe, na wazee hao walimlea hadi alipoweza kutembea kwa gongo. Sasa alikuwa Kisarawe, akichechemea uani kwa mama yake, na tayari alikwisha kutangaza kwamba baada ya Idi angerudi machimboni.

Tangazo hilo ndilo lililomtoa Mwanaima nyumbani. Hakuwa na uwezo wa kumfunga kamba mwanamume mzima. Lakini kumwacha ashuke tena chini ya ardhi, wakati nadhiri iliyotamkwa alipokuwa huko mara ya kwanza haijatimizwa, hilo hakulikubali. Mwezi wa Shaabani ulikuwa unaelekea ukingoni. Alitia nazi kwenye kiroba, akaikunja mbuzi yake na kuifunga kwa kanga kuukuu, akapanda basi la bara.

Mwinshehe alikuwa amemtahadharisha kwamba wazee wale hawajui Kiswahili, ila maneno machache. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi nao kwa ishara na kwa msaada wa Januari, naye Januari sasa alikuwa ameondoka kwenda kwenye rashi mpya, mahali ambako tetesi za dhahabu zimewakusanya watu kabla mtandao wa simu haujafika. Ndani ya basi Mwanaima aliyarudia maneno ya Kisukuma aliyofundishwa na mwanawe: mwangaluka wakati wa asubuhi, mwadila jua likishapinduka, wabeja kwa kushukuru. Mama mmoja wa Shinyanga aliyeketi kando yake alimsikiliza kwa muda, kisha akaanza kumsahihisha, pole pole, akimwonyesha mahali pa kuinua sauti na mahali pa kuishusha, hadi aliposhuka Tinde. Kahama Mwanaima alinunua mchele. Alijaribu kumpigia Januari, hakupatikana, akajaribu tena baada ya mji kwisha, na katika jaribio hilo simu yake ikazima kabisa.

Ushirombo alimpata kijana wa bodaboda aliyeitwa Donatus, mtu wa maneno mengi, ambaye alipolisikia jina la mzee Ansgar, baba yake Januari, alikwisha kupokea kiroba na kukifunga nyuma ya pikipiki kabla bei haijasemwa. Kila mtu alimjua mzee aliyemlea kijana wa pwani. Njiani, katikati ya mashamba ya mpunga yaliyoanza kukauka, Mwanaima alimweleza kwa utaratibu shabaha ya safari yake, maana alikuwa amekusudia kumtumia kama mkalimani. Donatus alicheka.

"Nadhiri? Hizo si za masista, mama? Na hata wao hawaendi kupika kwenye nyumba za watu."

"Wewe waambie hivyo hivyo nilivyokuambia," Mwanaima alisema. "Usipunguze, usiongeze."

Kaya ya mzee Ansgar ilikuwa na nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa bati, jiko la udongo lililojitenga, na zizi la ng'ombe lenye uzio wa miiba. Mzee, mrefu na mkavu, alikuwa amevaa kofia ya pama iliyopauka kwa jua. Mkewe Theopista alitoka jikoni akijifuta mikono. Mwanaima alipiga goti, akasema mwadila kwa sauti ile aliyofundishwa na mama wa Shinyanga, na Theopista akaitika kwa furaha, akamwaga Kisukuma kirefu kama mtu aliyefunguliwa mlango. Mwanaima hakuelewa hata neno moja. Alimgeukia mzee na kumpa shikamoo, naye akajibu "Marahaba" kwa uzito mkubwa, kisha akanyamaza, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili chake kilipoishia.

Donatus alitafsiri. Aliposema kwamba huyu ni mama wa Mwinshehe, Theopista alimshika Mwanaima mikono yote miwili na kuitikisa kwa muda mrefu. Aliposema kwamba amekuja kuwapikia, wazee wote wawili walicheka kwa upole, nao wakajibu kwa zamu.

"Mama Januari anasema amesikia, na anashukuru sana," Donatus alieleza. "Lakini mgeni hapiki. Ukishika mwiko hapa, majirani watasema kaya ya mzee Ansgar imeshindwa kumlisha mgeni mmoja."

"Mwambie hii si adabu tu. Ni ahadi yangu kwa Mungu."

Donatus alisema jambo ambalo kwa ufupi wake halikuweza kuwa lote. Theopista alimpiga Mwanaima begani taratibu, akajibu huku akitabasamu.

"Anasema Mungu naye anajua kwamba mgeni hapiki."

Baada ya hapo kijana alitazama jua, akasema ana abiria anayemsubiri, akaahidi kurudi asubuhi mapema ili Mwanaima awahi basi la Dar es Salaam, na vumbi la pikipiki yake likapotelea mpungani. Mwanaima alibaki amesimama uani na kiroba chake. Alikuwa na alasiri moja.

Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya upenu. Punde akaja jirani, mama wa makamo aliyeitwa Philomena, ambaye aliitwa makusudi kwa sababu yeye alisemekana kujua Kiswahili. Ilikuwa kweli, kwa kadiri yake. Alikijua Kiswahili cha kumpokea mgeni, wala si kingine.

"Karibu, mama. Kaa. Pumzika."

Mwanaima alimweleza habari ya nadhiri tangu mwanzo, kwa maneno mepesi, akiyatenganisha moja moja. Philomena alisikiliza hadi mwisho kwa makini ya kweli, akamtazama Theopista, kisha akatoa uamuzi wake.

"Pumzika, mama."

Waliona simu iliyozima mkononi mwake. Philomena aliichukua, akaonyesha juu, kwenye jua, kisha upande wa nyumba yake, ambako bati lilikuwa na kioo cha sola. Ilieleweka kwamba simu nayo inakwenda kupumzika. Theopista alimkamata jogoo mwekundu, akamkabidhi Philomena, naye akaondoka na simu mkono mmoja na jogoo kwapani. Mwanaima alishangaa kwa nini jogoo apelekwe mbali badala ya kuchinjwa pale uani. Alielewa baadaye, Philomena aliporejea na jogoo aliyekwisha kuchinjwa, akagusa shingo yake mwenyewe na kusema, "Duka. Mwislamu." Walikuwa wamempeleka kwa mwenye duka wa senta ya kijiji ili mgeni ale kwa moyo mweupe. Hawakufundishwa hilo siku ile. Mtu hulijua hilo bila kuambiwa pale tu anapokuwa amekwisha kulifanya mara nyingi, kwa ajili ya kijana aliyelala ndani na mguu uliofungwa.

Mwanaima aliinamisha uso. Tangu hapo hakutamani tena kutimiza nadhiri kwa sababu ya hofu peke yake.

Alijaribu kuingia jikoni. Theopista alimshika mkono na kumrudisha kwenye kiti, kwa upole uleule ambao mtu humrudisha nao mtoto aliyeamka usingizini. Aliokota kuni mbili zilizokuwa karibu na mlango. Zikapokewa kutoka mikononi mwake, naye akashukuriwa. Aliufungua mfuko wa mchele, akaupepeta kidogo ili waone kwamba umekuja kupikwa, nao wakaupokea mfuko kwa heshima kubwa, wakauingiza ndani ya nyumba kubwa na kuuweka mahali pasipoonekana.

Jambo la nazi lilikuwa zito zaidi. Donatus alikuwa amezitaja kuwa ni zawadi kutoka pwani, na Theopista hakuwa mtu wa kuficha zawadi. Kila jirani aliyekuja kumsalimu mgeni alipasuliwa nazi kwa kisogo cha panga, akanywa maji yake, akapewa kipande kikubwa cha kutafuna. Majirani walikuwa wengi, na wote walikuwa wema. Walitafuna, wakatikisa vichwa, wakasema wabeja. Mwanaima alijibu kila wabeja kwa tabasamu huku akiona sufuria yake ya wali ikitafunwa mbele ya macho yake. Zilipobaki nazi tatu alikivuta kiroba taratibu kwa unyayo hadi chini ya kiti chake, akatandaza kanga juu ya magoti ili ikifunike.

Ilibaki mbuzi. Bila mbuzi hapana chicha, na bila chicha hapana tui. Kifurushi cha kanga kilikuwa kimefunguliwa na mzee Ansgar mwenyewe, ambaye alikitazama kile kiti kwa muda mrefu, akakikunja, akakikunjua, akagonga mbao zake kwa kidole kama mtu anayepima jungu kama lina ufa. Wasukuma ni watu wa viti. Mzee wa kaya huwa na kigoda chake, na mgeni anayetoka mbali na kumletea mwenyeji wake kiti amesema jambo ambalo halihitaji mkalimani. Mzee Ansgar alilipokea jambo hilo. Alikiweka kiti katikati ya ua, akaketi, akanyoosha mgongo. Ule ulimi wa chuma uliochomoza mbele, wenye meno, ulimsumbua kwa kitambo kidogo, hadi alipovua kofia yake ya pama na kuitundika juu yake. Ilikaa vizuri sana. Alimtazama Mwanaima, akaweka kiganja kifuani.

Tangu hapo aliwapokea majirani akiwa juu ya kiti hicho, na kila mmoja alionyeshwa mahali pa kofia.

Mwanaima alisimama mbele yake, akachutama, akafanya ishara ya kukuna: mikono miwili imeshika kifuu kisichokuwapo, ikizunguka mbele ya chuma. Mzee alimtazama kwa makini, kisha akaiga ishara ile ile, akizungusha kofia yake juu ya ulimi wa chuma. Alidhani anafundishwa kuitundika. Alishukuru.

Jua lilishuka hadi kwenye miiba ya zizi. Jikoni, moshi ulipita kwenye matundu ya paa, na harufu ya jogoo ikaanza kutoka. Baada ya muda mfupi ugali ungesongwa, mgeni angekula, angelazwa, na asubuhi Donatus angepiga honi. Mwanaima alijihesabia kila njia aliyokuwa nayo. Kumnyanyua mzee wa watu kutoka kwenye kiti alichoamini amepewa, mbele ya majirani zake, lilikuwa jambo ambalo mgeni hawezi kulifanya. Kuingia jikoni kwa nguvu na kumsukuma mwanamke aliyemwosha mwanawe, hilo pia mgeni hawezi kulifanya. Kila alikogeukia, njia ilikuwa imezibwa na lile neno moja, mgeni.

Philomena, ambaye alikuwa ameona kwamba mazungumzo yamelala, alijitahidi kuyaamsha. Alitafuta katika akiba yake, akapata.

"Kabila?" aliuliza. "Wewe, mama. Kabila?"

"Mzaramo," Mwanaima alijibu bila kufikiri.

Neno hilo halikuhitaji tafsiri. Mzee Ansgar, aliyekuwa akimsimulia jirani habari ndefu, aliikatiza katikati. Aligeuka na kiti chake chote. Alimtazama mgeni wake kama mtu aliyekuwa ameketi na ndugu yake tangu mchana bila kumtambua.

"Mzaramo?" alisema.

"Mzaramo," Mwanaima alirudia.

Mzee alitoa sentensi moja, na ua mzima ukaangua kicheko. Kisha, akiwa bado ameketi, aliinua mabega na kuanza kucheza ngoma: shingo huku, kiuno huku, macho yamefumbwa. Alicheza, akachoka, akaweka kichwa juu ya kiganja na kukoroma. Aliamka kidogo, akatazama upande wa shamba, akapiga mwayo, akarudia kucheza. Majirani walishika mbavu. Hata Theopista alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia.

Ndipo Mwanaima alipoelewa. Aliyekuwa akimcheka si mwenyeji tena, alikuwa mtani. Wasukuma na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakipitana na mizigo kichwani kati ya bara na pwani, na utani huo umedumu kuliko njia zenyewe. Kisarawe hakuna aliyezeeka bila kuuona. Siku ya matanga ya baba yake, Msukuma mmoja aliyeishi karibu na stesheni aliingia jikoni bila hodi, akajitwika sufuria kubwa kuliko zote, ikiwa na wali wake ndani, akatoka nayo barabarani huku akimsema marehemu kwa ubahili wake. Hapana aliyemgusa. Wajomba walimfuata na kumbembeleza, na watu waliokuwa wakilia walicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mgeni hungoja apewe. Mtani huingia na kuchukua, na mwenye nyumba hana haki ya kununa.

Aliinuka kwenye kiti cha plastiki. Alijifunga kanga kiunoni, akaikaza.

Alianza kwa kumlipa mzee. Alitembea uani kwa hatua ndefu za mtu aliyezoea kufuata ng'ombe, fimbo ya kufikirika ikiwa mabegani, kidevu juu. Alifika mahali, akaduwaa, akatazama juu, juu zaidi, ghorofa lisilo na mwisho, mdomo wazi. Akaruka pembeni kama mtu aliyepigiwa honi na magari yote ya Kariakoo. Kisha akaketi mbele ya sahani isiyokuwapo, akala, akala, akaomba nyingine, akala, akaitazama sahani yenyewe kana kwamba nayo inaliwa. Philomena alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mzee Ansgar alikuwa akipiga paja lake kwa kiganja, machozi yakimtoka, ameegemea mbele.

Hapo Mwanaima alimkaribia, akashika mbuzi kwa mikono miwili, akaivuta.

Mzee alikwenda chini kwa makalio. Kofia iliruka kutoka kwenye chuma, ikabingirika hadi miguuni pa Theopista. Ua ulinyamaza, maana aliyeanguka alikuwa mzee wa kaya mwenye mvi, na aliyemwangusha alikuwa mwanamke aliyepiga goti mchana ule ule kumwamkia. Mwanaima hakumsubiri mtu amtafsirie kimya hicho. Aliiokota kofia, akajivika mwenyewe, akatoa kiroba chini ya kiti cha plastiki, akaingia jikoni na mbuzi yake kwapani.

Nyuma yake alisikia sauti ya mzee kutoka mavumbini. "Mzaramo!" ilisema, kisha ikakatika kwa kicheko kilichomkosesha pumzi, na baada yake wakacheka wote.

Jikoni alizipasua nazi kwa panga la Theopista bila kuliomba. Aliikunjua mbuzi, akaketi, akaanza kukuna. Theopista alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Alitazama chicha nyeupe ikianguka kwenye bakuli, akautazama ule ulimi wa chuma na meno yake, akautazama tena. Kisha akapaza sauti kumweleza mumewe jambo, na kwa kicheko kilichofuata Mwanaima alijua kwamba mahali pa kofia pamekwisha kupata maana yake. Mzee alikuja mlangoni akijipangusa vumbi. Alidai kofia yake kwa ishara. Mwanaima aliishindilia zaidi kichwani. Mzee akachukua kandambili moja ya Mwanaima iliyobaki nje, akaiingiza mfukoni mwa koti, akaondoka kama mtu aliyelipa kisasi kwa hesabu sawa.

Theopista alibaki. Alikuwa bado ameshika mwiko, na Mwanaima aliona kwamba hapo ndipo mahali penyewe. Kumwangusha mzee ulikuwa mchezo. Jiko lilikuwa la mwanamke huyu. Aliacha kukuna. Akanyoosha mkono, kiganja juu, akautazama mwiko. Hakucheka wala hakufanya ishara nyingine.

Theopista alimtazama kwa kitambo. Kisha akaenda ndani ya nyumba kubwa, akarudi na mfuko wa mchele, akauweka kando ya mafiga. Akaweka mwiko juu yake.

Walifanya kazi bila neno. Mwanaima alikamua tui zito akaliweka kando, akakamua la pili na kulitia kwenye sufuria. Theopista alichochea moto, akapunguza kuni alipoonyeshwa, akaosha mchele hadi maji yakang'aa. Jogoo alikuwa ameiva. Mwanaima alimtia tui kidogo na chumvi, akampa mwenzake aonje kwa kiganja. Theopista alifumba macho, akatikisa kichwa, akasema neno ambalo Mwanaima hakulijua na hakuhitaji kuuliza. Wali ulipokauka, alitandaza tui zito juu yake, akafunika, akaweka makaa juu ya mfuniko.

Waliandaa uani, mwanga ungali upo. Mwanaima hakukubali mtu mwingine abebe sinia. Alileta birika na beseni, akapiga goti mbele ya mzee Ansgar, bado amevaa kofia yake, akamnawisha mikono. Mzee aliyekuwa akijiandaa kutoa mzaha mwingine aliuona uso wake, akauacha. Kisha Mwanaima akahamia kwa Theopista. Alimnawisha polepole kuliko desturi, kidole kwa kidole, mikono ile mipana yenye sugu za jembe.

Theopista alielewa jambo fulani, kwa sababu mikono ilipokwisha kunawishwa hakuirudisha. Alimgusa Mwanaima muundi, chini kidogo ya goti, pale pale ulipovunjika mguu wa Mwinshehe. Alipitisha kiganja kutoka hapo hadi kifundoni, mara nyingi, kama mtu anayekanda kwa maji ya moto. Kisha akakunja mikono kifuani na kuibembeleza kama mtu aliyepakata mtoto, akamwonyesha Mwanaima, akajionyesha mwenyewe.

"Wako," Mwanaima alisema kwa Kiswahili. "Wako pia, Mama Januari."

Walikula. Mzee Ansgar aliongezwa, akala, akaomba tena. Na aliponyoosha sahani kwa mara nyingine, Philomena alimkumbusha kwa kuiga jinsi Mwanaima alivyoigiza mla sahani, na mzee akakubali kuchekwa bila kuirudisha sahani nyuma. Majirani hawakusema kwamba kaya imeshindwa kumlisha mgeni. Aliyepika hakuwa mgeni. Sinia lilipobaki jeupe Mwanaima alilitazama kwa muda, akasoma dua yake kimya, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya simu ile pumzi yake ilishuka hadi mwisho.

Asubuhi Donatus alimkuta ameketi upenuni na kiroba kitupu, kandambili zote mbili miguuni, maana moja ilikuwa imewekwa mlangoni pake kabla hajaamka. Philomena alikuja na simu, imejaa chaji. "Imepumzika," alisema, na huo ndio ulikuwa utani wake wa kwanza kwa Kiswahili. Mwanaima alipiga goti, akasema mwangaluka, akasema wabeja, kisha akanyoosha mkono kuchukua mbuzi yake.

Mzee Ansgar alikuwa ameikalia. Alisema maneno machache kwa utulivu, na Donatus, baada ya kucheka kwanza peke yake, alitafsiri.

"Anasema kiti hiki ni mateka wa vita. Hakitoki. Aje mwanao akikomboe, tena kwa nazi, siyo kwa dhahabu. Anasema Mwinshehe akija tena huku aje kwa barabara, aketi hapa uani atukanwe na mtani wake. Akishuka tena duara, kiti hiki kinageuka kuni."

Mwanaima alimtazama mzee. Hapakuwa na mzaha machoni mwake, ingawa mdomo wake ulikuwa unacheka. Alichokuwa ameshindwa kumwambia mwanawe kwa miezi kadhaa kilikuwa kimesemwa na mtu ambaye Mwinshehe asingeweza kumbishia.

"Mwambie nitamfikishia kama alivyosema," alijibu. "Na kofia yake ninayo. Itakaa Kisarawe mpaka mbuzi yangu irudi."

Mzee alipiga kelele ya madai, kwa utaratibu unaotakiwa, akashindwa. Theopista alimsindikiza Mwanaima hadi kwenye pikipiki, akamtia mkononi furushi la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, chakula cha njia ndefu. Donatus aliuliza kama sasa aielezee tena habari ya nadhiri, vizuri zaidi, maana jana alikuwa na haraka na hakuisema yote.

"Acha," Mwanaima alisema akipanda. "Wamekwisha kula."

Alipowasha simu mtandao ulikuwa bado haujashika. Aliiweka mfukoni tayari kwa Ushirombo, akaishika kofia ya pama kwa mkono mmoja ili upepo usiichukue, na kwa mkono mwingine akamshika Donatus bega, akamwambia aongeze mwendo, kwa sababu basi halikuwa na mtani wa kulibembeleza lisubiri.